Nimemaliza kozi ya mtandaoni ya kufundisha watu wazima, lakini darasa la Igombe limeninyamazia. Kasoro iko wapi?

#1 Kalamu ya Igombe
Wanajamvi, habari za jioni. Nimejitolea kufundisha kikundi cha akina mama wanaonunua na kuanika dagaa pale Igombe, wilayani Ilemela, na ndani yake wamo pia wanaume wachache, wengi wao wavuvi. Hukutana siku ya kununua hisa, na sanduku likishafungwa ndipo ninapopewa muda wa kuwaelekeza namna ya kutunza kumbukumbu za biashara. Kwa kuwa nimesomea uhasibu na si ualimu, kabla ya kuanza nilijiandikisha katika kozi ya mtandaoni ya kufundisha watu wazima, ile ya kujisomea kwa kasi yako mwenyewe. Haina tarehe ya kuanza wala mwalimu wa kukusubiri. Unafungua moduli, unatazama video, unajibu maswali ya kuchagua, na mstari wa kijani juu ya kioo cha simu unasogea.

Kozi ilisisitiza kwamba mtu mzima huja darasani na uzoefu wake, hutaka kujua sababu ya kujifunza jambo kabla ya kulijifunza, hupenda kujiamulia, na hushika upesi kile atakachokitumia karibuni. Kwa hiyo mwezeshaji aanze kwa kuwauliza wenyewe wanataka kujifunza nini. Niliuliza, nikajibiwa kwa kimya. Hatimaye mama mmoja aliyeketi mbele akasema, "Mwalimu, wewe ndiye uliyesoma. Tufundishe, sisi tutafuata." Wiki iliyofuata niliuliza kwa maneno mengine na hali ikawa ileile, ingawa kikao kilipokwisha walizungumza kwa sauti kubwa njia nzima hadi mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Naomba maoni yenu: kozi za namna hii zina upungufu gani, au tatizo liko kwingine kabisa?

#2 Ngosha wa Kwimba
Hongera kwa cheti, mkuu. Nadhani wanakikundi wanasubiri ukiweke ukutani ndipo waanze kuongea.

Nikiacha utani, swali lako lina jibu jepesi. Kufundisha ni kazi ya mdomo, macho na miguu, nawe umejifunza ukiwa umeketi peke yako na simu. Hakuna moduli iliyokusimamisha mbele ya watu wakakutazama bila kukujibu. Mwalimu wa shule ya msingi, hata awe hodari wa nadharia, hupelekwa mazoezini na kukaguliwa akiwa darasani. Kozi ya kujisomea haina mkaguzi wala darasa, na jaribio ukilikosa unalirudia mpaka upite. Katika hali hiyo, kinachopimwa ni uvumilivu wako kwa bando na wala si uwezo wa kufundisha.

#3 Mtu wa Bando
Ngosha, unazionea kozi hizi. Mimi nilisoma ya namna hiyo nikiwa kazini Nyakato, usiku watoto wakishalala, na bila hiyo nisingesoma chochote, kwa sababu chuo cha jioni kinataka nauli, ada na ruhusa ya bosi. Kasi yako mwenyewe maana yake ni kwamba umeme ukikatika, somo linakungoja.

Kwa maoni yangu, upungufu hutokana na namna watu wanavyosoma. Wengi huongeza kasi ya video, huruka kurasa za kujitafakari, na hulichukulia lile zoezi la kuandaa somo na kumwonyesha mwenzako kuwa la hiari. Namuuliza mleta uzi kwa heshima: zoezi la kufundisha mtu mmoja na kupokea maoni yake, ulilifanya?

#4 Mwalimu Mstaafu, Nyegezi
Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo marahaba. Nimefanya kazi ya elimu ya watu wazima katika mikoa ya ziwa, na naona mjadala umeanza kana kwamba jambo hili limezaliwa na intaneti. Kanda hii ilikuwa shamba la majaribio la kisomo chenye manufaa. Kuanzia mwaka 1968 mradi uliosaidiwa na UNESCO uliendeshwa kutoka Mwanza kwa ajili ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Vitabu vyake vya kusomea havikuanza na a, e, i, o, u. Kilikuwepo cha pamba kwa wakulima wa pamba, cha uvuvi kwa wavuvi, cha migomba kwa Wahaya, na mwanakisomo alijifunza herufi ndani ya kazi aliyokwisha kuijua.

Walimu wengi walikuwa wa hiari. Baadhi yao walikuwa wamemaliza darasa la saba tu, walipata semina fupi, wakaingia darasani chini ya mwembe. Hawakuwa na nadharia nyingi kuliko ndugu yetu wa Igombe, lakini walikuwa na vitu viwili ambavyo kozi yake haikumpa: kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya wanakisomo walewale, na mratibu aliyefika kwa baiskeli kukaa nyuma na kusikiliza. Mwalimu mpya huhitaji mtu wa kumwambia, jioni ileile, kwamba umeuliza swali kubwa mno na umelijibu mwenyewe kabla hawajapumua.

#5 Mkerewe Mtulivu
Mzee wangu, shikamoo na shukrani. Niongeze kwamba Ukerewe ilikuwa miongoni mwa maeneo sita yaliyochaguliwa mwanzoni kufuta ujinga wa kutosoma, baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima mwaka 1975. Bibi yangu alijifunza kusoma wakati huo, na alisoma Biblia bila kusaidiwa hadi macho yalipomchoka.

Kuhusu mada yenyewe, nadharia aliyoisoma mleta uzi ni ya mwanaelimu Paulo Freire wa Brazil, aliyewahi kufika Tanzania, kwa hiyo si ngeni kwetu.

#6 Hesabu Kwanza
Mkerewe, bibi yako apewe heshima zake, lakini mawili yanahitaji kusahihishwa. Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima ulikuwa 1970, na Mwalimu aliutangaza katika hotuba ya mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 1969. Unaoutaja wewe, 1975, ndio mwaka wa mtihani wa kwanza wa taifa wa kisomo, uliofanyika Agosti, na ndio mwaka Bunge lilipotunga sheria ya kuifanya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ijitegemee. Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma na kuandika walikadiriwa kuwa asilimia 67 mwaka 1970, wakashuka hadi asilimia 39 baada ya mtihani huo.

La pili, orodha aliyoitaja mleta uzi, ya uzoefu, sababu, kujiamulia na matumizi ya karibu, ilienezwa na Mmarekani Malcolm Knowles kuanzia miaka ya 1970. Freire alikuwa na njia nyingine. Kule Angicos, Brazil, mwaka 1963, alipofanya kazi na wafanyakazi wapatao 300, kikosi chake kilianza kwa kukusanya maneno waliyoyatumia watu wenyewe kila siku, kikatengeneza picha za maisha yao, na mazungumzo yakaanzia kwenye picha. Hawakuwaita watu wakakae na kuwauliza, "Mnataka nini?" Tofauti hiyo ni kubwa, na nadhani ndiyo iliyomnyamazishia mwenzetu darasa. Swali lake lilikuwa la ofisini, nalo liliwataka watu wapange mtaala wa somo ambalo hawajawahi kuliona.

#7 Dada wa Mwaloni
Nimesoma yote kwa utulivu, na naona wasomi mmefika Brazil kabla ya kufika Igombe. Mimi nanunua dagaa Kirumba, na nimekaa katika vikundi vingi vya kufundishwa ujasiriamali.

Kaka Kalamu, uliwahi kutazama kalenda ya mwezi kabla ya kupanga kipindi? Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hufaa usiku wa giza. Mbalamwezi inapokuwa kali, mitumbwi mingi ya dagaa hupumzika, watu hushona nyavu, na akina mama hupata usingizi. Wakati wa giza, mama anakuwa ufukweni kabla ya mapambazuko kugombania ndoo, anaanika mchangani au kwenye chanja, anageuza, anafukuza kunguru, na wingu likijitokeza upande wa ziwa anakimbia kukusanya kabla mvua haijageuza mtaji kuwa chakula cha kuku. Mtu huyo ukimketisha alasiri ukamuuliza malengo yake ya kujifunza, atakujibu kwa heshima kwamba ufundishe tu, kwa sababu anachotaka ni kuegemea ukuta. Huo ni uchovu mtupu, wala msiupe majina ya wataalamu.

#8 Ngosha wa Kwimba
Dada wa Mwaloni, hapo umetupiga chenga sote. Hata hivyo mleta uzi amesema walizungumza kwa sauti njia nzima hadi mwaloni. Mchovu hapigi soga barabarani.

#9 Dada wa Mwaloni
Mchovu husinzia mahali alipoketishwa na huchangamka anaporuhusiwa kuondoka. Muulize mwanafunzi yeyote wa shule.

#10 Muuguzi wa Zamu
Naomba nilete sababu ambayo haijatajwa. Kuanzia miaka ya 40 hivi, uwezo wa jicho kuona vitu vya karibu hupungua kwa karibu kila mtu, awe amesoma au hajasoma. Katika kikundi kimoja cha kanisani huku Buzuruga, mwezeshaji aligawa karatasi zenye jedwali la mapato na matumizi, herufi ndogo kama za risiti. Mama mmoja aliishika karatasi kwa mkono ulionyooka, akaisogeza mbali zaidi, akainamisha shingo nyuma, kisha akaikunja vizuri na kuiweka chini ya kanga. Alipoulizwa alisema, "Nisomee wewe, mwanangu, leo sijaja na kichwa." Mwezeshaji aliandika katika ripoti yake kwamba wanakikundi hawana mwamko.

Wiki chache baadaye alikuja na miwani ya kusomea ya kuazimana, ile ya bei nafuu isiyohitaji kipimo kirefu, na mama yuleyule ndiye aliyegundua kwamba jumla ya safu ya pili haikuwa sahihi. Kalamu, uligawa karatasi? Zilikuwa na herufi za ukubwa gani, na mlikaa mahali penye mwanga kiasi gani?

#11 Kalamu ya Igombe
Nashukuru kwa michango. Mtu wa Bando, zoezi la kumfundisha mtu mmoja nililifanya kwa mdogo wangu, ambaye ni mwanafunzi wa chuo na alijibu kila swali. Muuguzi, karatasi niligawa, nazo nilizichapa kutoka kwenye kiolezo cha kozi chenye safu sita. Tunakaa ndani ya ghala lenye dirisha moja. Dada wa Mwaloni, kikao hufuata siku ya hisa, na siku hiyo haihami kwa sababu ya mwezi.

Sasa nami nina hoja. Kozi ilikuwa na moduli nzima juu ya mitindo ya kujifunza, kwamba wengine hujifunza kwa kuona, wengine kwa kusikia na wengine kwa kutenda, na kwamba nitambue kila mmoja ni wa aina gani. Je, kimya chao hakiwezi kumaanisha kwamba niliwafundisha wa kutenda kwa njia ya kusikia?

#12 Hesabu Kwanza
Moduli hiyo iweke kando. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti zilizokuwapo, na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mtu hujifunza vizuri zaidi anapofundishwa kwa mtindo unaodaiwa kuwa wake. Kozi nyingi zinaendelea kuifundisha kwa sababu inapendeza na ni rahisi kuitungia maswali ya kuchagua. Na hapa ndipo ninapokubaliana kidogo na Ngosha: kozi isiyo na mwalimu wa kuulizwa haina pia mtu wa kuifuta moduli iliyopitwa na wakati.

#13 Mwalimu Mstaafu, Nyegezi
Nirudi kwa bandiko la 3. Ndugu Mtu wa Bando anasema somo linamngoja mtu, na ni kweli; lakini sisi tulikuwa na kitu kinachofanana na kozi hizi, nacho ni redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilirushwa nchi nzima, na watu wapatao milioni 2 waliifuata. Redio nayo haikuwa na masikio, ilisema ikanyamaza. Tofauti ni kwamba watu walisikiliza katika vikundi, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo; viongozi hao walikuwa kama 75,000. Kipindi kilipokwisha walifungua kitabu, wakabishana, kisha wakaenda kuchimba choo au kufyeka vichaka karibu na nyumba.

Kwa hiyo sikubali kwamba kozi ya kujisomea haiwezi kufundisha ualimu wa watu wazima. Ninachokipinga ni kuisoma peke yako. Tafuta wenzako watatu wa hapo Mwanza waliojiandikisha kozi hiyohiyo, msome moduli kila mtu kwake, kisha mkutane Jumamosi, mmoja afundishe na wengine wawe wanakikundi wakaidi. Ukikosa wenzako, nenda Luchelele, ambako Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina kampasi, ukaombe kukaa nyuma ya darasa la mtu.

#14 Mtu wa Bando
Mzee, nakubali kuhusu kikundi, ila mnaisifu sana miaka ya 1970. Baba yangu alikuwa mwanakisomo, na anakumbuka kwamba mahudhurio yaliandikwa na mjumbe, na asiyefika alikuwa na maelezo ya kutoa. Wengine walisoma, wakafaulu mtihani, kisha wakasahau kwa kukosa cha kusoma. Kozi yangu ya simu haikunilazimisha, nami bado natumia niliyojifunza.

#15 Mkerewe Mtulivu
Nimepokea masahihisho ya bandiko la 6, ingawa bibi angeyapinga.

Nina jingine. Kalamu ametaja kwamba katika kikundi wamo wanaume wachache. Kwetu visiwani, na hata huko Usukumani, mkwe ni mkwe. Niliwahi kusaidia darasa Nansio ambamo mama mmoja, mwepesi wa hesabu kuliko wote, hakufungua mdomo muhula mzima. Alikuwa akikaa pembeni, mgongo umeelekea ukuta, na uso ameushusha. Baadaye shoga yake akanieleza kwamba mzee aliyekuwa safu ya mbele alikuwa baba mkwe wake. Angewezaje kumsahihisha mzee yule mbele za watu kwamba saba mara nane si hamsini na nne? Kozi inayoandikwa kwa ajili ya dunia nzima inakwambia upange viti kwa duara ili wote wawe sawa. Kwenye duara, mkwe anaonana na mkwe uso kwa uso.

#16 Hesabu Kwanza
Hilo la duara limenigusa. Kalamu, wanaume hao ni nani kwa wanawake waliomo?

Pia nikuachie jambo la kujaribu. Usiulize wanataka kujifunza nini. Beba ndoo tupu na sado, viweke katikati, kisha uliza: "Jana ndoo ilikuwa bei gani majini, na ilipokauka ilitoa sado ngapi?" Nimeona mama asiyeandika akitoa gharama ya kubeba, ya chumvi, ya ushuru na ya zile zilizooza, kwa kichwa, akibakiza faida sahihi wakati mimi bado natafuta kalamu. Mwingine alikuwa na vijistari vya mkaa nyuma ya mlango wake, vitano vitano, na kila aliyemkopa alikuwa na mahali pake kwenye ubao. Huyo tayari anatunza kumbukumbu. Jedwali lako la safu sita lingetokana na mlango ule, labda kwa safu mbili tu.

#17 Ngosha wa Kwimba
Hapo nakazia, na nauliza: ni moduli ya ngapi ya kozi yoyote ya mtandaoni inayomwelekeza mtu atazame nyuma ya mlango?

#18 Mtu wa Bando
Moduli ya kwanza, mkuu. "Anzia kwenye uzoefu wa mwanakikundi." Maneno yapo, kilichobaki ni msomaji kuondoka kwenye kiti.

#19 Kalamu ya Igombe
Hesabu Kwanza, nimempigia mweka hazina. Mzee mmoja ni baba mkwe wa katibu wetu, na vijana wawili wameoa kwa akina mama waliomo. Nafikiria kuwagawa, wanawake siku yao na wanaume siku yao. Na ndoo nitaibeba.

#20 Muuguzi wa Zamu
Kabla ya kugawa mtu yeyote, hamisha kikao nje ya ghala na uandike kwa herufi kubwa. Ni jambo la bure na halimuudhi mkwe.

#21 Dada wa Mwaloni
Usiwagawe, kaka. Wanaume wakiwa na siku yao, watasema wanawake wanafundishwa kuwaficha fedha, na kikundi kitakufa kabla ya giza lijalo. Muulize kwanza katibu mwenyewe anapendelea kukaa wapi, na usimuulize kikaoni.

#22 Mwalimu Mstaafu, Nyegezi
Mimi ningewagawa, lakini ndani ya kikao hichohicho: vikundi vidogo vya watu wanne, wakwe mbalimbali, kila kikundi na ndoo yake. Dada wa Mwaloni anaijua Igombe ya leo kuliko mimi, kwa hiyo Kalamu apime mwenyewe. Akishajaribu, aeleze humu, hata kama wamemnyamazia tena.